Hamira ya Darajani

Ijumaa ambayo kiwanda kidogo cha bia cha mlimani huvuna hamira ya kuchachushia bia, ua wake hujaa watu walioshika chupa za jamu. Katika mji wa Bamberg, Ujerumani, ndivyo ilivyo: anayepika bia nyumbani huja na chupa yake, huchotewa upawa mmoja bure, akaenda zake. Siku hiyo upawa wa mwisho ulimwangukia Kunigunde, binti wa wakulima wa mboga, aliyevaa koti la kijani la sufu na buti zenye udongo. Nyuma yake Kilian, fundi baiskeli, alibaki na chupa tupu.

"Usinitazame hivyo, kaka, utanitoa machozi."

"Dada, nimepika tangu alfajiri. Pipa zima linanisubiri."

"Basi twende, tutagawana. Ila si hapa, watatusukuma tuimwage."

Wakaenda hadi darajani. Wakanunua mkate na soseji, wakaweka chupa ya hamira juu ya ukuta wa daraja, wakaongea. Waliongea mpaka jua likahamia upande wa pili wa mto. Hapo ndipo Gundi, maana hivyo ndivyo wote walivyomwita, alipomimina nusu taratibu kwenye chupa ya Kilian.

"Nusu yako, nusu yangu. Usije ukasema Gundi ni mchoyo."

Haikupita wiki wakawa wanapigiana simu kila jioni. Ndipo Kilian akatoa ahadi ambayo angeijutia: "Bia hii ikiiva, glasi ya kwanza utainywa kwetu, mama akiwepo. Na nina neno la kukuuliza." Gundi akamwambia dada yake Lioba. Lioba akaliambia soko zima.

Bia ikagoma. Ilitoa utando mwembamba wa povu, kisha kimya. Punda akigoma utamsukuma; bia ikigoma utaishia kuitazama. Kilian alipima sukari, ambayo hamira ilipaswa kuila; ilikuwa palepale. Alilisogeza pipa mbali na ukuta wa baridi wa ghala la chini, akalifunga blanketi na chupa ya maji ya moto. Alilikoroga polepole kwa mwiko uliochemshwa. Alilitukana. Kesho yake akapima tena: palepale. Jambo moja tu hakufanya, kumwambia Gundi. Angemwambiaje kwamba hamira aliyomgawia kwa moyo mweupe ilikuwa haina uhai?

"Bia yetu vipi, mpenzi?" Gundi aliuliza kwenye simu.

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ya wiki iliyopita, au hii ni mpya?"

"Gundi, kazi zimenibana. Baiskeli zimejaa hadi mlangoni."

"Sijauliza baiskeli."

"Basi subiri!"

"Nisubiri nini, Kilian? Yangu ilishachacha ikatulia, nimeanzisha pipa la pili, na wewe hata la kwanza halijaiva? Kama huna neno la kuuliza, sema. Mimi si mtoto." Akakata simu.

Alhamisi, Gundi akiwa anapanga figili mezani sokoni, Lioba akamchokoza. "Enhe, ile bia ya posa wameshainywa panya?" Wauza mboga wakacheka. Gundi akavua aproni, akavuka mji kwa miguu kwa hasira.

Mama yake Kilian ndiye aliyefungua mlango. "Shikamoo, mama. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko chini, anaongea na pipa. Mwanangu ameharibika, binti. Hata blanketi langu kachukua."

Gundi akateremka ngazi. Kilian alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye pipa, macho mekundu. Alipomwona alisimama, akagonga kichwa kwenye boriti.

"Imegoma," alisema kwa uchungu. "Imegoma tangu mwanzo. Nimejaribu kila kitu. Sikutaka udhani nakulaumu wewe."

Gundi akafunua kifuniko, akatazama maji yaliyotulia kama ya dimbwi. Hasira zote zikamwishia, aibu ikaingia.

"Chupa ile ilikaa ukutani muda gani, tulipokuwa tunaongea?"

"Mchana kutwa."

"Na mimi nikakumiminia bila kuitikisa." Akajishika kichwa. "Hamira huzama, Kilian! Ile nzito ilibaki chini, kwangu. Wewe nilikupa maji ya juu. Na bia inayochachushwa kwenye baridi inataka hamira nyingi kuliko yoyote. Kwa nini hukusema, mjinga wewe?"

"Kwa nini ulikata simu?"

Gundi alitoka mbio, akarudi na ndoo iliyofunikwa, yenye povu zito la hamira hai alilolichota kwenye pipa lake la pili, lililokuwa limechachamaa. Wakalimimina pamoja. Kesho yake asubuhi Kilian alimpigia simu, akaweka simu karibu na mrija wa pipa. Gundi akasikia mapovu yakibubujika moja baada ya jingine, naye akalia sokoni mbele ya figili zake.

Jioni walisimama tena ghalani, mama akiwasikiliza kutoka juu ya ngazi.

"Sasa uliza," Gundi alisema.

"Haijaiva, mpenzi. Ikimaliza kuchacha lazima ilale kwenye baridi wiki kadhaa ndipo..."

"Kilian. Bia iache ilale. Mimi siwekwi ghalani."

Kilian akaweka kipimo chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Akauliza. Na kabla Gundi hajafungua mdomo, mama akapaza sauti kutoka juu:

"Sema ndiyo, mwanangu, nirudishiwe blanketi langu!"