Sanamu Yenye Kidole Kifupi

"Immaculée, huyu ni nani?"

"Ni bwana harusi wa sinema yetu. Kwani huoni?"

"Niko naona sana. Huyu ni Eugène, monitere, mwalimu wa hapa misioni!"

Darasa zima la misioni pale Baraka likaangua kicheko. Immaculée akaitazama ile sanamu mkononi mwa Anatole. Mashavu yameingia ndani, kidevu kimechongoka. Eugène mtupu! Na jana, alipomaliza kuufinyanga uso ule, ulikuwa wa mviringo, uso wa Anatole mwenyewe.

Mwaka ule wa hamsini na sita, wajukuu zangu, Padri alikuwa ameleta mashine ya sinema, akataka wanafunzi watengeneze hadithi fupi ya sanamu: bwana harusi anavuka ziwa kupeleka jembe la mahari kwa wakwe. Unasogeza mkono wa sanamu kidogo, picha. Kidogo tena, picha. Zikipita mbio, sanamu inapiga kasia. Anatole, fundi wa mbao, alichonga mtumbwi, kasia na kajembe kadogo kama ukucha. Immaculée, mtoto wa mfinyanzi, aliitwa kutengeneza watu: kichwa na mikono udongo, mwili waya na vitambaa. Kazi ikazaa mapenzi. Jumapili mjomba wa Anatole alikuwa aende kumposa.

"Unanifanya mujinga mbele ya bantu," Anatole akasema.

"Anatole, ngoja, sikiliza..."

"Muulize Eugène akusikilize."

Ijumaa ikaja barua, mistari mitatu tu: "Kesho napanda meli ya kwenda Albertville. Kazi ya useremala iko kule. Mjomba hatakuja."

Immaculée akaipeleka kwa mama yake, machozi yakimtiririka.

"Kitendawili," mama akasema, mikono imejaa udongo.

"Mama, si saa ya vitendawili!"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Naingia motoni mnene, natoka nimekonda."

Immaculée akafuta machozi kwa kitenge.

"Uso ule uliukaushia wapi, binti yangu?"

"Karibu na mafiga. Padri alikuwa na haraka ya kupiga picha."

"Ehee! Udongo mubichi unaupeleka kwenye moto, halafu unalia? Umekonda! Miaka yote hii nakufundisha nini? Lakini moto haukati kidole. Mikono ulifinyanga ya nani?"

Immaculée akaruka. Akaomba sanamu kwa Padri, akaifunga katika kitenge, na asubuhi akakimbia hadi ufukoni mwa ziwa. Anatole alikuwa amekalia sanduku lake.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja uhesabu vidole."

"Vidole gani?"

"Vya huyu Eugène wako. Mkono wa kushoto."

Anatole akahesabu. Cha mwisho kilikuwa kifupi, kimekatika kwenye kiungo, sawasawa na chake, kile alichokikata kwa patasi siku aliyochonga ule mtumbwi mdogo.

"Eugène iko na vidole kumi," Immaculée akasema. "Kamuhesabu."

"Na uso?"

"Uso niliuunguza mimi. Nilikuwa na haraka ya kukuona ukitembea kwenye sinema."

Meli ikapiga honi. Anatole akacheka, akabeba sanduku, akaelekea nyumbani.

Siku sinema ilipoonyeshwa juu ya shuka jeupe, watu wakapiga kelele: "Eugène! Eugène!" Anatole akasimama katikati yao, akainua mkono wa kushoto juu. Mjomba alikuwa amekwisha kupeleka jembe, kubwa la kweli.

Sanamu ile iko bado, juu ya kabati lao. Juzi Immaculée aliishusha kuipangusa vumbi, akamtazama mumewe anayesinzia kwenye kiti, mashavu yameingia ndani, kidevu kimechongoka.

"Mzee, amka. Hatimaye umefanana nayo."

"Ah! Basi nimekuwa Eugène?"

"Eugène gani? Yule alinenepa!"