Breki Haijui Furaha

"Kaka, niwashie intaneti ya simu yako dakika moja tu. Kuna mtu nataka kumtukana."

Mwanamume aliyekaa kiti cha pembeni akageuka. Ukumbi wa huduma wa kampuni ya simu ulikuwa umefurika. Kila mtu kashika kikaratasi chake cha namba, watoto wanalia, feni inazunguka bila kumpoza yeyote. Aliyeomba intaneti alikuwa dada mmoja mwenye gauni la njano lililomkaa utadhani lilishonwa akiwa ndani yake. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia, kwa sababu alitoka dukani mbio akasahau kuivua. Laptopu ilikuwa wazi mapajani, na modemu iliyokufa ililala juu ya mkoba kama mgonjwa anayesubiri daktari.

"Umtukane nani?"

"Mteja wangu. Kaandika kwenye tovuti yangu, dunia nzima ikisoma, eti zipu niliyomshonea ilifumuka katikati ya harusi. Zipu ile nzima! Yeye ndiye kanenepa tangu nimpime."

"Na wewe umemjibu nini?"

Fundi akamgeuzia kioo cha laptopu. Mwanamume akasoma, nyusi zikapanda. Jibu lote lilikuwa kwa herufi kubwa.

"Hilo neno la mwisho," alisema polepole, "ungeweza kulitamka mbele ya mama yako?"

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha."

Kicheko kikamtoka kabla hajajizuia, na mama mmoja wa mbele akageuka kuwatazama. Mwanamume yule alikuwa na meno mazuri, Fundi akaona, na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri lakini linalompwaya mabegani.

"Pole, dada. Intaneti yangu haitukani watu. Mimi ni shemasi."

"Shemasi wa kanisa? Kwa umri huo? Mashemasi si wale wazee wenye makoti?"

"Koti ninalo. Nimeliacha nyumbani kwa sababu ya joto."

Ni kweli alikuwa shemasi, na siku za kazi alikuwa akitengeneza tovuti za shule na zahanati. Kanisani alikabidhiwa vijana, na jambo alilolihubiri kuliko yote lilikuwa vile watu wanavyofanya kwa vidole vyao wakishafungua mtandao. Aliamini kabisa kwamba shetani ameacha kupiga hodi milangoni, siku hizi anapitia kwenye maoni. Kwa hiyo alikuwa ameunda kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari, akakiita Breki. Ukiandika kwa herufi kubwa, ukapanga alama za mshangao na kutishia watu, kisha ukabonyeza kutuma, Breki inayanyakua maneno yako na kuyafungia katika kisanduku chekundu pembeni mwa kioo. Hayaendi popote mpaka ukifungue kisanduku mwenyewe, uyasome tena moyo ukiwa umetulia, kisha ubonyeze "Tuma" mara ya pili.

Alimweleza hayo yote huku macho yakimng'aa, kama mtu anayesimulia mpira. Fundi hakuelewa nusu yake, lakini alipenda macho yale. Akakubali awekewe Breki palepale, kwa intaneti ya shemasi. Kisha akabonyeza kumtumia mteja lile jibu. Maneno yakatoweka, kisanduku chekundu kikametameta.

"Limekwenda wapi tusi langu?"

"Linapoa."

Namba ya Fundi ikaitwa. Alipofika dirishani akageuka, na Shemasi alikuwa bado anamtazama.

Jioni hiyo simu ya duka ikalia.

"Halo, Fundi? Tusi limepoa?"

"Limepoa. Nimemwandikia aje nimbadilishie zipu bure. Umeniharibia hasira yangu nzuri kabisa. Namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye tovuti yako. Ila tovuti yenyewe, samahani, inafunguka taratibu mno. Nikija kesho kuirekebisha utanifukuza?"

"Njoo na hilo koti, nione kama ni kweli."

Akaja na koti. Lilikuwa la kahawia, limemzidi mikono. Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja kati ya famasia na kinyozi, magauni meupe ya harusi yamening'inia mpaka darini, na mezani kwenye pembe alikaa mama yake, akishona vifungo na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mama alimtazama mgeni kuanzia viatu kwenda juu.

"Hilo koti ni la nani?"

"Langu, Mama."

"Usimdanganye mtu mzima."

"La marehemu baba, Mama."

"Haya. Kaa."

Tovuti ilirekebishwa siku hiyohiyo, lakini Shemasi akaendelea kuja. Leo picha za magauni hazijakaa sawa, kesho maoni ya wateja yanahitaji kupangwa. Alimfundisha Fundi kutambua kurasa za matapeli na kutobofya kitu asichokitarajia. Fundi alimfundisha kutofautisha satini na shifoni, naye kila mara alikosea kwa makusudi ili afundishwe tena. Simu zikawa za asubuhi na jioni. "Umeamkaje, Fundi wangu?" "Nimeamka na uchovu, kuna mtu alinipigisha soga sana jana." "Huyo mtu ana makosa, nitamwombea."

Siku moja akaomba ashonewe shati.

"Sipimi wanaume," Fundi alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Hata mimi?"

"Nimeweka sharti. Nitampima mwanaume mmoja tu, atakayenivalisha pete. Wengine wote mafundi wa kiume wapo hapo ng'ambo ya barabara."

Mama akakohoa kwa kishindo. Masikio ya Shemasi yalipata moto.

Wiki chache baadaye, Alhamisi mchana, akaingia dukani bila koti, bila begi la kompyuta. Mama alikuwa ametoka kununua uzi.

"Fundi, nataka nikuoe."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Usinijibu sasa," aliendelea haraka haraka. "Kesho alfajiri napeleka vijana mafungoni. Tunafunga mtandao, simu zote zinakaa kwenye ndoo mpaka Jumapili. Fikiri. Niandikie barua pepe, hizo jumbe za simu zitazama chini ya kelele za kwaya. Na kama hutaki, usijilazimishe kutafuta maneno mazuri ya kunikataa. Ukinyamaza nitaelewa. Nakuapia sitakusumbua."

"Shemasi, wewe..."

"Usijibu!" Akatoka, akagonga bega mlangoni, akauomba mlango radhi.

Fundi akajitahidi kufikiri, kama alivyoagizwa. Akafikiri mpaka Ijumaa baada ya kufungua duka, ikamshinda. Akafungua laptopu, vidole vikaruka vyenyewe:

"NDIYO!!!! NDIYO NDIYO!!! Wewe mwendawazimu, siku zote hizi ulikuwa unangoja nini??? Ukitoka huko mafungoni NITAKUUA KWA FURAHA!!!!"

Akabonyeza kutuma. Sekunde hiyohiyo bibi harusi akaingia na shangazi zake, kila shangazi na maoni yake kuhusu mikono ya gauni, na Fundi akafunga laptopu huku akitabasamu peke yake. Siku nzima mashine ya kushonea iliimba. Mama alimwangalia, akamwangalia tena, akaelewa, akajifanya hajaelewa.

Jumapili ikapita, simu kimya. Fundi akajisemea kwamba vijana wamemchosha. Jumatatu asubuhi akaona ukurasa wa kanisa umewekwa picha za mafungo, Shemasi yumo, simu mkononi. Mchana ukaingia ujumbe wake, mfupi kama risiti.

"Nimeelewa, Fundi. Mungu akubariki."

Alisoma akiwa amesimama. Akakaa, akasoma tena.

"Mama, mtu unamwambia ndiyo, yeye anakwambia Mungu akubariki! Kama anamtoa ombaomba mlangoni!"

"Mpigie umuulize."

"Simpigii."

"Kwa nini?"

"Nimeshasema ndiyo, Mama. Nikapige tena magoti?"

"Basi lia. Lakini lilia huku, usilowanishe satini ya watu."

Hakulia, au tuseme alilia kidogo chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Shemasi naye hakupiga wala hakupita. Alikuwa ameapa kutomsumbua, na yeye ni mtu wa kushika kiapo hata kikimchoma.

Jumamosi Mama akavaa gauni lake la bluu na kuchukua mkoba.

"Naenda kanisani kwao. Kuna semina ya wazazi kuhusu mtandao, anafundisha huyo huyo wako."

"Si wangu. Na usimwambie neno, Mama. Neno moja tu, nahama nyumba."

"Nani kasema nataka kumwambia neno? Nataka kumtazama tu usoni."

Duka likabaki kimya. Fundi akafungua laptopu kujibu wateja, na cha kwanza kilichomjia machoni kikawa tangazo la ile semina. Shemasi kwenye picha anatabasamu, koti la kahawia, na chini yake maneno makubwa: "Tufikirie hisia za wenzetu kabla ya kuandika."

"Hisia za wenzetu!" alimfokea kioo. "Hisia za wenzetu, wewe?"

Akaandika. Lo, aliandika! Alimwita mnafiki, akamwita muuza sura, akamwambia hilo koti alizikwe nalo. Herufi zote kubwa, mishangao kama mvua. Akabonyeza kutuma, na kisanduku chekundu kikametameta pembeni.

"Leo hapana," Fundi alisema. "Leo Breki yako haitakuokoa."

Kile kisanduku hakuwahi kukifungua tangu awekewe. Alizoea kuyaacha matusi yake yafie humo yenyewe, na ile rangi nyekundu pembeni ameshaizoea kama mtu anavyozoea doa ukutani. Sasa akakifungua ili alisukume hilo la leo kwa nguvu. Yote yakajitokeza, yamepangana. La leo juu kabisa. Chini yake, kwenye foleni moja na matusi ya mteja wa zipu, akakuta:

"NDIYO!!!! NDIYO NDIYO!!!"

Akasoma mpaka "NITAKUUA", akaelewa. Herufi kubwa, mishangao, vitisho vya kuua. Breki ilikuwa imelifunga jibu lake la furaha ikidhani ni ugomvi. Halikutoka. Shemasi alikuja akakuta kimya, na kimya alikuwa amekipa maana mwenyewe.

"Mungu wangu, nimemkataa!"

Akafuta la leo. Akaweka kidole kwenye lile la zamani, halafu akasita. Wiki nzima imepita; je, kama moyo wake umeshafunga mlango? Moyo ulimdunda mpaka futi ya shingoni ikatikisika. Akabonyeza "Tuma".

Kimya. Feni. Kinyozi wa jirani akicheka na mtu. Fundi akatembea mpaka mlangoni akarudi. Kisha simu ikalia, na nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na vurugu ya ukumbi mzima.

"Wewe mtoto! Unamuulia nini shemasi wa watu?"

"Mama? Umejuaje?"

"Nimejuaje? Tumejua sote! Alikuwa ameunganisha kompyuta yake ukutani, anatuonyesha barua pepe za matapeli zinavyofanana. Ametuambia hivi, msibofye kitu kwa pupa. Mara yako ikaingia. Akaibofya kwa pupa! Mwanangu, ukuta mzima! Mzee wa kando yangu kaisoma kwa sauti. 'Nitakuua kwa furaha.' Mchungaji kavua miwani, kaifuta, kavaa tena."

"Mama, nakufa."

"Usife, una magauni ya watu."

"Yeye anafanya nini?"

"Kasimama mdomo wazi. Sasa kakaa. Anaandika kitu. Anapiga meza. Kasimama tena... Ee! Katoka mbio. Kaacha semina, kaacha kompyuta. Kaacha hata koti!"

Kutoka kanisani mpaka dukani si mbali kwa gari. Kwa miguu, juani, ni umbali wa kumtia mtu adabu. Fundi akajitazama kwenye kioo cha maharusi, akaondoa nyuzi kichwani, akapaka mafuta mdomoni, akayafuta, akapaka tena. Hakuwa amemaliza mlango uliposukumwa.

Shemasi alikuwa amelowa jasho mpaka shati jeupe limemganda kifuani.

"Nilikujibu," alisema akihema. "Palepale, mbele ya watu wote. Halikutoka."

"Breki?"

"Breki."

"Ulikuwa umeandika nini?"

"Sikumbuki. Herufi kubwa tupu."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Fundi akashika meza.

"Lakini wewe, mtu mzima na akili zako," alisema akifuta macho, "unaundaje kitu kisichojua mtu akifurahi?"

"Nilikifundisha kwa maoni ya ugomvi wa kwaya yetu. Pale hakuna aliyewahi kuandika kwa furaha hata mara moja." Akamsogelea. "Wiki hii ilikuwa ndefu, Fundi. Kila nikishika simu najikumbusha kiapo."

"Siku nyingine ukiapa kutonisumbua, nisumbue."

"Nitakusumbua mpaka unichoke." Akaingiza mkono mfukoni. Pete ilikuwa humo tangu ile Alhamisi. Hakuwa na moyo wa kuirudisha dukani. "Nikuulize upya, kwa mdomo? Hapa hakuna breki."

"NDIYO!" Fundi alipiga kelele, na kwa kinyozi mashine ikazimwa ghafla.

Pete ikagoma kidogo kwenye kiungo cha kidole, kisha ikapita. Fundi akaitazama, akamtazama na mwenyewe aliyeileta, lile shati linalompwaya mabegani tangu siku ya kwanza. Akaivua futi shingoni.

"Simama wima. Nyoosha mikono."

Akampima mabega, moja hadi jingine, polepole kuliko inavyohitajika. Akaizungusha futi kifuani, na chini yake moyo ulikuwa unagonga kama mtu anayebisha hodi.

"Usipumue, unaniharibia vipimo."

"Siwezi, mpenzi. Nimekimbia njia nzima."

"Haya, pumua," Fundi alisema, akiilegeza futi kidogo. "Nitaacha nafasi."