Généreuse Anakwenda Paris

Tangu tiketi inunuliwe, Généreuse hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda chumbani kufungua sanduku la safari. Analitazama, analifunga, kisha analifungua tena. Mumewe, Akilimali, amechoka kusikia zipu ile.

"Mama Vanessa, hiyo valise utaiua mbele ya safari," alimwambia asubuhi moja.

"Uniache," akajibu Généreuse. "Weye hauendi. Miye njo naenda."

Wanakaa Toongabbie, mjini Sydney. Walitoka mashariki ya Kongo, wakaishi kambini miaka mingi, na sasa ni raia wa Australia. Akilimali anapakia mizigo kwenye ghala moja Seven Hills. Généreuse anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Rooty Hill. Nyumba yao ni ya kawaida. Kuna kelele za televisheni, kuna harufu ya sombe, yaani kisamvu, na kuna binti mmoja, Vanessa, anayeulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Safari yenyewe si ya matembezi. Généreuse ana mdogo wake, Aksanti, anayeishi Paris. Walipotezana wakati wa vita, Aksanti akiwa bado mtoto. Walipatana tena kwa simu, lakini hawajaonana uso kwa uso. Sasa Aksanti ana mimba kubwa. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Mara hii madaktari wamepanga siku ya kumfanyia upasuaji. Mumewe, Juvénal, bado yuko Kampala anasubiri karatasi za kuingia Ufaransa.

"Dada, nitaingia mule peke yangu?" Aksanti aliuliza kwenye simu, huku analia.

"Nitakuwa hapo," akasema Généreuse. "Nimeshaomba leave. Niko nakuja."

Basi hilo ndilo lililomnyima usingizi. Akipotea njiani, akiibiwa, akichelewa, Aksanti ataingia peke yake. Aliogopa sana, na hofu yake aliigeuza kuwa kazi ya kufunga na kufungua sanduku.

Kundi la WhatsApp la kanisani nalo halikumsaidia. Mmoja aliandika, "Usiongee na mtu yeyote." Mwingine akaandika, "Ficha pesa kwenye kiatu." Wa tatu hakuwa na shauri lolote. Alitaka tu aletewe mafuta ya nywele.

Jirani yao mmoja, Rozina, angeweza kumsaidia. Rozina ni Mtanzania. Alisomea mambo ya hoteli Paris kabla ya kuja Sydney, na sasa ni meneja wa hoteli Parramatta. Lakini Généreuse hakumuuliza kitu. Alijiambia, "Kifaransa nimesoma tangu shule ya msingi. Mutanzania atanifunza Paris?" Ndivyo tulivyo wengi wetu. Tukijua lugha ya mji, tunadhani tunaujua na mji.

Jumamosi moja Rozina alikuja kurudisha sufuria. Akalikuta sanduku wazi katikati ya sebule. Akainama, akanusa.

"Mama Vanessa, humu mna nini?"

"Nyama ya mbuzi ya kukausha. Na sombe. Aksanti alisema ana hamu."

"Toa nyama," akasema Rozina. "Nyama hairuhusiwi kuingizwa kule kutoka huku. Maziwa na jibini pia. Majani mabichi yanataka cheti. Watakusimamisha uwanja wa ndege, watatupa vyote, na wewe utachelewa."

Neno "utachelewa" lilimchoma Généreuse. Akaichomoa nyama haraka.

"Sasa nifike mikono mitupu? Ni aibu!"

"Hutafika mikono mitupu. Aksanti anakaa wapi?"

"Karibu na Château Rouge."

Rozina akacheka. "Château Rouge! Hapo kuna soko letu sisi Waafrika. Sombe, mihogo, ndizi, samaki wakavu, vyote vipo. Utanunua ukifika, utampikia vikiwa vya moto."

Généreuse akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu asubuhi.

"Dada Rozina, sema yote," akaomba. "Miye niko naogopa."

Rozina akaeleza. Ukiingia dukani Paris, sema kwanza "bonjour", ndipo uulize. Ukiuliza bila salamu, watakuona huna adabu. Ukipanda treni ya chini ya ardhi, tunza tiketi hadi utoke nje kabisa, maana wakaguzi wanaweza kukusimamisha hata mlangoni. Mkoba ukae mbele ya tumbo, usikae mgongoni. Usishike simu ukiwa karibu na mlango wa treni. Mtu akikuletea karatasi utie sahihi, au akitaka kukufunga uzi mkononi, pita. Plagi za Australia haziingii kwenye ukuta wa kule, kwa hiyo nunua adapta.

"Na pale airport?" akauliza Généreuse. "Nichukue treni?"

"Una sanduku zito na umechoka. Chukua teksi. Lakini chukua ile ya kwenye foleni nje, yenye taa juu ya paa. Bei yake ya kwenda mjini imepangwa, haibadiliki. Watu watakufuata ndani ya ukumbi wakisema wana teksi. Usiwafuate."

"Hiyo rahisi. Siwezi kufuata mutu nisiyemujua."

Rozina akalifunga sanduku. "Twende stesheni ya Seven Hills tukafanye mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Miye si mutoto!"

Lakini alikwenda, maana kukaa nyumbani kulimshinda. Alivuta sanduku, mkoba ukiwa begani. Rozina alimwambia ashuke ngazi kutoka jukwaani hadi nje, kama mtu anayetoka uwanja wa ndege. Yeye Rozina angemsubiri chini. Généreuse akashuka, huku anajichekea.

Chini ya ngazi alikuwepo mwanamume wa makamo, amevaa koti safi. Alipomwona Généreuse, uso wake uling'aa.

"Karibu, dada! Pole na safari. Mizigo yote hiyo peke yako? Lete nikupokee."

"Asante, kaka," akasema Généreuse. Akampa mkoba. Kisha akampa na sanduku.

Yule mwanamume akavipokea kwa heshima, akakata kona, hakuonekana tena. Généreuse akabaki amesimama, mikono mitupu. Rozina alikuwa pembeni, anamwangalia.

"Dada Rozina! Ule mutu alienda wapi?"

"Unamjua?"

"Simujui. Alinisalimu tu."

"Kwenye mkoba mlikuwa na nini?"

Généreuse akaanza kuhesabu kwa vidole. Pasipoti. Simu. Kadi ya benki. Anwani ya Aksanti.

"Namba ya Aksanti unaijua kwa kichwa?"

"Hapana. Iko ndani ya simu."

Wakati huo yule mwanamume akarudi na mizigo yote. Alikuwa Wilfred, kaka yake Rozina, anayekaa Blacktown. Alikuwa anacheka, lakini alipomwona Généreuse anafuta machozi, akaacha.

"Nisamehe sana, dada," akasema. "Ni huyu Rozina aliyenituma."

Généreuse hakumkasirikia. Alijikasirikia mwenyewe. "Nilijua tuko mu mazoezi," akasema. "Nilijua! Na bado nikamupa. Kwetu, mutu akija kukupokea muzigo, ukimukatalia, ni kumutukana."

"Hata kwetu ni hivyo," akasema Rozina. "Ndiyo maana nilimwita Wilfred. Mwizi mwenye sura ya wizi utamkimbia. Anayekusalimu kwa lugha yako na kukupa pole, huyo utampa kila kitu. Hapa Sydney ukisikia Kiswahili kituoni, ni mtu wa kanisani au wa kazini. Kule Paris hujui ni nani, na wasafiri wapya wanajulikana kwa macho."

"Sasa nimujibu nini? Nisimusalimu?"

"Msalimie vizuri. Cheka naye. Ila mkono usiachie mkoba. Mwambie, asante kaka, ninasubiriwa. Halafu tembea."

"Si uongo huo?"

"Uongo gani? Aksanti si anakusubiri?"

Wakarudia. Mara ya kwanza Généreuse alimpa Wilfred sanduku lakini akabaki na mkoba. Mara ya pili aliomba radhi kwa maneno mengi, na Wilfred akapata nafasi ya kubembeleza. Mara ya tatu alisema, "Asante, kaka. Niko nasubiriwa," akapita bila kugeuka. Watu wawili waliokuwa wanasubiri basi wakapiga makofi bila kujua sababu.

Siku zilizobaki, Généreuse alijifunza namba ya Aksanti kwa kichwa. Aliitaja akitandika vitanda vya wazee. Aliitaja akikaanga vitunguu.

"Mum, it's already in your phone," akasema Vanessa.

"Na simu ikipotea?" mama yake akamuuliza.

Akashona mfuko mdogo wa kitambaa, akatia pasipoti, akauvaa ndani ya nguo. Anwani aliiandika kwenye karatasi mbili. Nakala ya pasipoti akamwachia Akilimali. Alikuwa bado ana wasiwasi, lakini sanduku hakulifungua tena.

Alifika Paris asubuhi, miguu imevimba, baridi inamuuma masikio. Alipotoka tu na sanduku lake, akasikia sauti nyuma yake.

"Jambo, mama! Karibu Paris. Umetoka mbali, eh? Leta nikupokee. Gari iko pale."

Alikuwa kijana nadhifu, mwenye lafudhi ya Kongo kabisa. Généreuse alikuwa amekaa ndegeni usiku na mchana bila kusikia Kiswahili. Moyo wake uliyeyuka. Mkono ukaanza kulegea, tena wenyewe. Akaukaza.

"Asante, kaka. Niko nasubiriwa."

"Mama, unanikatalia? Miye ni ndugu yako!"

Neno hilo lilimuuma kweli. Aliona aibu, akatamani kusimama aeleze. "Mungu akubariki," akasema, akaendelea kutembea. Labda yule kijana alikuwa mtu mwema. Généreuse hatajua kamwe, na hana haja ya kujua. Nje aliiona foleni ya teksi zenye taa juu ya paa. Akajipanga, akampa dereva karatasi yenye anwani, akakaa nyuma na mkoba tumboni.

Aksanti alifungua mlango kabla Généreuse hajabisha mara ya pili. Hakuwa mtoto tena. Alikuwa mwanamke mrefu, tumbo mbele, macho yale yale. Walishikana tu, wakalia.

Siku ya upasuaji walikwenda hospitali pamoja. Walikaa kwenye benchi refu. Généreuse hakumwachia Aksanti mkono. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka.

"Nani yuko pamoja na madame?" akauliza kwa Kifaransa.

Aksanti alikuwa ameulizwa hivyo kila kliniki, na alikuwa na jibu moja tu. Akainamisha kichwa, tayari kusema hakuna mtu.

"Miye," akasema Généreuse. Alikuwa ameshasimama. "Ni dada yake."

Muuguzi akampa kanzu ya hospitali avae. Wakaingia wawili. Walipotoka, walikuwa watatu.