Daraja la Mashua Kumi na Nane

"Wamepita lango la jiji," sauti ilisema sikioni mwake. "Masanduku manne. Watu sita. Saa kumi na dakika ishirini na mbili."

"Nawaona," Zhuang Peilan alijibu, midomo yake ikicheza kidogo tu.

Kisha akainua kibendera chake cha njano na kuendelea kuwaelezea watalii habari za yule ng'ombe wa chuma anayelinda daraja.

Watalii walikuwa wa kweli. Thelathini na mmoja, kutoka Harbin, wamechoka na jua. Bandia alikuwa mwongozaji wao. Chini ya koti lake la njano kulikuwa na bastola ya QSZ-92 yenye risasi kumi na tano. Kiunoni alining'iniza kipaza sauti kidogo kama walichonacho waongozaji wote wa Chaozhou. Sikioni alikuwa na kifaa kisichozidi punje ya mchele.

Alikuwa na miaka thelathini na nne. Kumi na moja kati ya hiyo alikuwa ameitumikia idara ambayo haina kibao mlangoni.

Chini yao Mto Han ulikuwa umejaa, rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili.

Wale watu sita walikuja taratibu kutoka upande wa magharibi, wamevaa kama kikundi cha opera kinachokwenda kutumbuiza kijiji cha ng'ambo. Wanne walisukuma masanduku mekundu ya mavazi, kila sanduku juu ya magurudumu yake. Wa tano alikuwa Mzungu mwembamba mwenye kofia ya majani na ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, kamera shingoni. Wa sita alikuwa mzee aliyepakwa rangi usoni kama mfalme wa jukwaani.

Watu walipiga picha na kupisha njia.

Peilan hakupiga picha. Bibi yake alikuwa amefuata opera maisha yake yote, naye Peilan alijua kwamba hakuna kikundi cha Chaozhou kinachovuka mto bila sanduku la mungu wao kutangulia, na ubani ukifuka juu yake. Hawa hawakuwa na mungu wala ubani.

Akatazama mikono ya yule mfalme.

Kucha nyeusi kwa lakka ya kupakia mbao. Makovu ya patasi. Kidole gumba cha kushoto hakina ncha.

"Mkuu," alinong'ona. "Mzee Weng yuko hai. Anatembea na Krall."

Huko Guangzhou, mbele ya picha zilizotumwa na ndege ndogo isiyo na rubani ya DJI, Mkuu Fang alishusha pumzi. Krall ndiye yule Mzungu mwenye kofia ya majani, mwizi wa vitu vya kale aliyekuwa akiwaponyoka.

Weng Shaoqin, fundi wa kuchonga mbao, alikuwa amepotea siku arobaini zilizopita. Juzi wazee wa ukoo wake waligundua kwamba mbao za kuchongwa zilizopakwa dhahabu katika ukumbi wa mababu zao si zenyewe. Mtu alikuwa amezitoa na kuweka nakala nzuri mno. Ila katika nakala, ndani ya kapu la kaa lililochongwa kwa kipande kimoja cha mti, kaa mmoja alikuwa na mguu wa ziada.

Fundi wa namna ile hakosei kuhesabu miguu ya kaa. Alikuwa amelazimishwa, naye akapiga kelele kwa patasi.

"Tangu asubuhi tumefunga madaraja yote ya magari," Peilan alisema. "Ndiyo maana wamekuja huku kwa miguu, na mbao zimo masandukuni. Wana gari ng'ambo. Kikosi kiko wapi?"

"Kimekwama. Dakika ishirini na tano."

"Hawa watafika barabarani kwa dakika saba."

"Basi waache. Tutawanasa bandarini Shantou."

"Bandarini tumewakosa mara mbili, mkuu. Na mzee hatafika bandarini. Wakishapakia, hawamhitaji tena."

"Waache wapite, Lan. Hiyo ni amri."

"Sauti inakatika, mkuu."

Haikuwa inakatika hata kidogo. Alikitoa kile kifaa sikioni na kukitia mfukoni.

Daraja la Guangji lina mawe upande wa magharibi na mawe upande wa mashariki. Katikati, mto unapokwenda kasi, hakuna mawe. Kuna mashua kumi na nane zilizofungwa ubavu kwa ubavu, na mbao juu yake. Kila siku saa kumi na moja jioni wahudumu huzifungua, na daraja huwa limekatika mpaka kesho yake.

Leo Peilan hakuwa na muda wa kungoja saa kumi na moja.

Asubuhi alikuwa ameketi katika kibanda cha Mama Ke, msimamizi wa mashua, akanywa vikombe vitatu vidogo vya chai na kumwonyesha kitambulisho. Mama Ke alikuwa na miaka hamsini na nane, mabega ya mpiga makasia, na ulimi usiokopesha.

"Ukinihitaji, piga kelele," alimwambia. "Mimi sifanyi kazi kwa kukonyezwa."

Krall na watu wake walikanyaga mashua ya kwanza. Magurudumu yalilia juu ya mbao.

Peilan akawasha kipaza sauti.

"Wageni wetu wapendwa!" alisema kwa Kichina cha serikali, kwa sauti tamu. "Tunarudi magharibi sasa hivi. Anayekuja wa mwisho hapati mipira ya nyama ya ng'ombe!"

Watalii wa Harbin waliondoka mbio. Hata wasiokuwa wake waliwafuata.

Akageukia mto. Sasa akasema kwa lugha ya Chaozhou, kwa sauti ileile tamu, akitabasamu:

"Mama Ke! Huyu mwenye kofia ya majani ni mwizi, na yule mwenye uso wa rangi ni Mzee Weng aliyepotea! Kata mashariki kwanza, halafu magharibi! Wabaki katikati!"

Krall alizungumza Kichina vizuri sana. Watu wake walitoka majimbo ya kaskazini. Lakini lugha ya Chaozhou hata jirani wa Guangzhou haambulii kitu. Krall alimwinulia kofia mwongozaji yule mchangamfu, akaendelea kutembea.

"Basi ungesema tangu mwanzo!" Mama Ke alifoka kutoka kwenye boti yake ya injini. "Vijana! Fungueni!"

Minyororo ililia.

Masanduku yalifika mashua ya kumi na tano. Kumi na sita.

Msukumaji wa kwanza akasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na maji. Mashua ya mwisho ilikuwa inavutwa polepole na boti, na mawe ya upande wa mashariki yalikuwa mbali kwa mita nane, kisha kumi.

Krall aligeuka nyuma. Upande wa magharibi nao ulikuwa unaachana.

Kutoka huko mwanamke mwenye koti la njano alikuwa anakuja mbio.

Peilan akaruka.

Mguu wake wa kulia uligonga ukingo. Wa kushoto ulikosa. Alishika kamba, akajivuta, akasimama.

Mtu wa kwanza alitia mkono kifuani. Peilan alimpiga kwa kipaza sauti kwenye sikio, na kile kifaa kikatoa mlio mkali kuliko kipigo chenyewe. Alianguka mtoni. Wa pili alikuja na kisu. Peilan akakwepa, akamshika mkono, akaupinda mpaka mfupa ukalia. Wa tatu alilenga bastola, lakini upondo wa mianzi wenye urefu wa mita nne ulitokea mtoni na kumchapa vifundo vya miguu.

"Hapa ni kazini kwangu!" Mama Ke alipiga kelele. "Unavua viatu au unaondoka!"

Yule jamaa alikwenda majini na bastola yake. Wa nne alitazama upondo, akatazama mto, akainua mikono.

"Inatosha!"

Krall alikuwa amemkaba Mzee Weng. Mdomo wa bastola ya Glock ulikuwa chini ya taya lililopakwa rangi nyekundu.

"Weka silaha chini," alisema. "Uwaambie hao wavuvi warudishe daraja."

Peilan alitoa bastola yake kwa vidole viwili, akaiweka juu ya mbao. Kwenye kuta za jiji na kwenye vibanda vya daraja watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyekimbia. Kuna aliyeanza kuzomea, na kuzomea kule kukapokewa ng'ambo.

Mzee Weng alisema kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayeagiza uji:

"Binti, wewe wa hapa?"

"Mtaa wa nyuma ya hekalu la Kaiyuan, mjomba."

"Hili zimwi linaelewa tunachosema?"

"Hata 'karibu chai' halielewi."

"Mnasema nini?" Krall aliuliza kwa ukali.

"Anaomba usimuumize," Peilan akamjibu kwa Kichina cha serikali.

Mzee akaendelea. "Walipokuja Wajapani, babu yangu alizizamisha mbao hizi bwawani. Miaka sita, binti. Walimvunja mkono, hakusema ziko wapi. Zilipotolewa zilioshwa matope, zikang'aa. Mti wa kafuri na lakka haviogopi maji."

"Na wewe, mjomba? Unaogopa maji?"

"Nimebatizwa na mto huu kila mafuriko. Nikipiga teke, wewe usichelewe."

Akapiga teke.

Sanduku la kwanza liliteleza juu ya magurudumu yake, likagonga la pili, likapita ukingo wa mashua na kuanguka mtoni kwa kishindo. La pili likaanza kuteremka.

Miaka mitatu Krall alikuwa amewatoroka kwa sababu hakuwahi kufanya haraka. Sasa alifanya. Mkono wake ulimwachia mzee na kurukia mshikio wa lile sanduku la pili, kabla hajafikiri.

Mzee Weng akajitupa majini na taji lake.

Peilan alikuwa ameshafika. Kiwiko kilitua kwenye kifundo cha mkono, Glock ikaruka, goti likaingia mbavuni. Krall alianguka kifudifudi, kofia ya majani ikielea kuelekea baharini. Pingu zikalia mara mbili.

Chini, vijana wa Mama Ke walivuta kwa kulabu sanduku moja, wahuni wawili na mfalme mmoja aliyekuwa anacheka huku rangi ikimchuruzika mpaka shingoni.

Kuzomea kukageuka vifijo.

"Kule nilikokuwa nazipeleka zingetunzwa," Krall alisema, shavu lake likiwa juu ya mbao. "Vioo. Hewa safi. Ninyi mnazifukiza ubani mpaka zinaota masizi."

"Masizi ni yetu," Peilan alimwambia. "Inuka."

Kikosi kilifika kikakuta kila kitu kimeshafungwa kamba. Masanduku yote manne yalifunguliwa kibandani kwa Mama Ke. Maji yalikuwa yameingia katika moja tu. Mzee Weng, amejifunga blanketi, alipitisha kidole gumba chake kisicho na ncha juu ya kila ubao, mchongo kwa mchongo, bila kusema neno. Kisha akakaa chini na kulia kidogo, nao wakamwacha alie.

Peilan alirudisha kifaa sikioni.

"Naambiwa umekata daraja la miaka mia nane mbele ya watu elfu mbili," Mkuu Fang alisema.

"Nimelifungua mapema kwa nusu saa, mkuu."

"Tutaongea Guangzhou. Uso wako umeonekana. Treni yako ni ya saa kumi na mbili na nusu leo. Usibaki mjini."

Mzee Weng alikuwa amesimama karibu yake, akimtazama.

"Kesho asubuhi tunazirudisha mbao ukumbini," alisema. "Uje. Utaingia mlango wa kati."

Mlango wa kati hufunguliwa kwa mababu na kwa wageni wakubwa. Peilan akiwa mtoto, alipokuwa anawafuata kaka zake kwenye ukumbi wa ukoo wao wenyewe, wazee walimfukuza hata mlango wa pembeni.

"Mimi ni wa ukoo wa Zhuang, mjomba. Tena mwanamke."

"Nimekaa siku arobaini chini ya bunduki," mzee alisema. "Unadhani nitaogopa wazee wenzangu?"

"Lan?" Fang aliita sikioni. "Umesikia? Saa kumi na mbili na nusu."

Alikitoa kifaa, akakidondosha ndani ya kikombe cha chai cha Mama Ke.

"Kesho saa ngapi, mjomba?"

"Saa mbili. Usichelewe, ubani haungoji mtu."

Akavua koti la njano, akalitupa begani, akapanda ngazi za lango la jiji. Watu walimpisha njia. Chini ya matao ya mawe, wauza chaza walikuwa wanawasha majiko yao. Peilan alivuta kigoda, akakaa akiutazama mwanzo wa barabara, akaagiza sahani mbili, moja yake na moja ya yeyote ambaye Fang angemtuma kumfuata.