Rasta Kwenye Gurudumu la Treni

— Jumamosi tatu kwa fundi, na bado inakwaruza?

Mke aliuliza akiwa mlangoni, mikono kiunoni. Mumewe alikuwa amepiga magoti sebuleni, ameshika kichwa cha treni yake ndogo ya kuchezea, ile anayoipenda kama roho yake. Kila akikiweka relini kilikwenda kwa kushtukashtuka, kelele mpaka meno yanauma.

— Kimekauka tu, mke wangu. Kinataka mafuta.

— Umeshakitia mara tatu leo, yanachuruzika hadi kwenye zulia. Hivi huyo fundi wako ni mwanamume au mwanamke?

— Umeanza.

— Nimeanza, ndiyo. Lete hapa.

Wivu ulikuwa umemwingia tangu Jumamosi ya kwanza, mume alipojipulizia marashi shati zima eti anakwenda kwa fundi. Mke alifuta mafuta kwa kitambaa, akakigeuza kidude miguu juu, akachungulia. Yeye ni msusi bwana, kitu kilichojiviringisha hakimpiti. Nyuma ya gurudumu, kwenye ekseli, palijibana uzi wa rasta. Akauvuta taratibu kwa sindano yake ya kusukia. Mrefu, wa rangi ya damu ya mzee iliyochanganywa na nyeusi.

Mchanganyiko ule aliufanya mwenyewe mwezi huu, kwa kichwa kimoja tu: cha shoga yake kipenzi.

— Hii imetoka wapi?

— Si... si za saluni kwako hizo? Labda umekuja nazo kwenye nguo.

Hakubishana naye. Alichukua simu, akapiga, akaweka spika.

— Shoga, hebu niambie. Treni ya mume wangu ilipokuwa kwako, ilikuwa inakwamakwama hivihivi?

Kasauti kadogo kakajibu:

— Kumbe amekwambia?

Mke akakata simu. Machozi yalimshuka, lakini alidondosha tone moja la mafuta kwenye ekseli, akakiweka kidude relini. Kikateleza raundi nzima bila kelele.

— Mke wangu, nisikilize kwanza...

Mke akakitia kwenye boksi lake, na ile rasta juu yake, akamkabidhi.

— Mpelekee. Mwambie atafute msusi mwingine.

— Na mimi je?

Mke akafungua mlango, akasimama pembeni apite.

— Wewe kamsaidie kutafuta.