Harufu ya Koti la Baba

Novemba yote, Leanna akitoka shule alikwenda moja kwa moja bandani. Tumbaku ilikuwa ikining'inia humo kwenye fito tangu mwisho wa kiangazi. Siku za unyevunyevu majani hulainika, na hapo wakulima wote wa jimbo la Kentucky huacha mengine wakaja kuyachambua kutoka kwenye mashina. Mwaka huu majirani ndio waliochambua, kwa kuwa baba yake Leanna, Darrell, alikuwa hospitalini mjini Lexington, amekatwa kipande cha pafu.

Leanna alimkumbuka sana. Alikumbuka baba alivyoimba vibaya akichambua, na harufu ya sigara kwenye koti lake. Koti lilikuwa bado msumarini, lakini harufu ilikuwa inafifia. Jumatatu alitoa pakiti mfukoni mwa koti, akawasha sigara moja na kuiacha iungue karibu na uso wake. Baba akawa kama amerudi. Kufikia Alhamisi, Leanna alikuwa anavuta.

Ijumaa, Bibi Verna, mama yake Darrell, alimsuka kwa safari ya kesho yake ya kumwona baba. Ghafla mkono ukasimama.

"Nywele zako zinanuka nini?"

"Tumbaku, Bibi. Si nimetoka bandani?"

"Mimi nimezeeka bandani, we mtoto! Jani kavu halinuki hivi. Usinifanye mjinga."

Leanna alijua hospitali haimruhusu mtu anayenuka moshi kumkaribia baba. Akisema kweli, huenda asimwone. Hata hivyo akasema yote, machozi yakimtoka.

"Nilikuwa namtafuta baba, Bibi. Na sigara zenyewe ni zile nyepesi tu, zisizo kali. Baba alisema hazina neno."

Bibi akakaa kitini.

"Babu yako alijisokotea kali, za shamba hili hili. Saratani ikamshika katikati ya kifua, kwenye njia kubwa za hewa. Baba yako alipokuwa mtu mzima akahamia nyepesi, akajiona mjanja. Lakini nyepesi haikidhi hamu, basi huvutwa kwa nguvu, na moshi ukashuka mpaka pembezoni mwa pafu. Daktari amekuta saratani ya aina nyingine huko. Aina mbili, mwanangu, lakini sigara ni ile ile."

"Kwa hiyo siendi?"

"Oga, osha nywele mara mbili, pakiti itupe. Utakwenda, ila utamwambia mwenyewe."

Kesho yake Leanna alimkuta baba amekonda, sauti yake ndogo. Akamwambia. Darrell akamvuta karibu.

"Baba yangu alipolazwa nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nilivuta sigara zake ili niwe naye. Sikumpata humo." Akagusa bandeji ubavuni. "Nilipata hii. Ukinikumbuka, Leanna, nipigie simu. Hata kama pumzi niliyonayo inatosha neno moja, nitaliita jina lako."