Mgomba Uliopewa Jina

Mambo haya yalimpata shemeji yangu Otto, mume wa mdogo wangu Aurelia. Watu wa Majengo wameniuliza mpaka nimechoka, basi nasimulia mara hii, mnipumzishe.

Tulikuwa Ruhuwiko tukipiga picha za filamu ya vichekesho. Maiti inatoweka siku ya mazishi, ukoo mzima unageuka mpelelezi, kila mtu anamshuku mwenzake. Maiti ndiye Otto. Kwa kuwa mji mzima unamjua, mwongozaji wetu, Rupert, hakumtafutia jina lingine. Kwenye filamu aliitwa Otto, na kwenye msalaba wa mbao tuliandika Otto Haule. Mimi nilishika maiki, hedifoni zikinibana masikio kutwa. Kila akilazwa jenezani, Otto alicheka, tukarudia. Akacheka, tukarudia tena. Mikono ilinifa ganzi.

Tulipomaliza, Mzee Thadeo, mwenye shamba, alitukuta tunafungasha vyombo na kaburi tulilochimba kwa filamu liko wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaburi haliachwi tupu, wanangu. Likishachimbwa linataka mtu. Fukieni mgomba." Akaenda zake bondeni.

Rupert si mtu wa kuacha kitu kipite bure. Akaona hapo pana kichekesho, akawasha kamera. Tukakata mgomba, tukauvika sanda, na Otto mwenyewe akajifanya katekista. "Pumzika kwa amani, Otto Haule," akasema, akatupia udongo wa kwanza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alicheka kuliko sote.

Mzee Thadeo alirudi, akautazama msalaba kwa muda. Akaninong'oneza, "Mgomba mmeuita nani?"

"Otto."

"Otto huyu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mgomba huzikwa bila jina, mwanangu." Hakugomba. Alivua kofia tu, akaondoka.

Jioni ile Otto hakugusa chakula. Asubuhi alikaa kitandani anatazama ukuta. Aurelia akimwita, hageuki. Hospitali wakampima, wakasema ni mzima. Siku zikapita, akawa hasemi, hali, hata mwanawe Fortunata akimpandia mapajani hamshiki. Mdogo wangu akaja kunililia: "Dada, nirudishieni mume wangu." Iliniuma sana.

Tukarudi shambani tuufukue ule mgomba, tulifute lile jina. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Otto tulimsimamisha kando ya kaburi. Rupert akang'oa msalaba, akaanza kuchimba. Aurelia hakuweza kusubiri. Alimshika mumewe mkono, akaita polepole.

"Baba Fortunata."

"Naam."

Nikamtazama Otto. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Baba Fortunata?"

"Nipo huku, mke wangu. Mbona mmechelewa?"

Sauti ilitoka chini. Chini ya miguu ya Rupert. Ilikuwa sauti ya Otto, ileile ya kujizuia kucheka.

Rupert akaruka nje ya shimo. Akaanza kurudisha udongo, kwa koleo kwanza, kisha kwa mikono. Nami nikamsaidia. Mungu anisamehe, nilimsaidia. Aurelia alipiga kelele tuache, tukamvuta kwa nguvu. Tukamshika mkono Otto aliyesimama juu, tukarudi naye nyumbani.

Sasa anakula. Anakwenda kazini, anasalimia watu, Jumapili anakwenda misa. Hacheki. Filamu haikutoka, na Rupert amehamia Tunduru, simu zangu hapokei.

Juzi nilimkuta Aurelia uani anafua, macho yamemvimba. Hakuniamkia. Alinyanyua shuka kutoka kwenye beseni, akaikunjua mbele yangu. Upande anaolala Otto kulikuwa na doa la kahawia, refu, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimetia sabuni, nimetia ndimu," alisema kwa sauti ya chini. "Halitoki. Na kila asubuhi lipo jipya."

Niliinusa ile shuka. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anaujua utomvu wake. Nilishika ncha moja, mdogo wangu akashika nyingine, tukaikamua, tukaianika hivyohivyo.